Bustani ya Sagalla na Wageni Wake

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, kwa gari la moshi au kwa motokaa, akikaribia mji wa Voi baada ya mwendo wa kama kilomita 150, huona upande wake wa kushoto mlima uliosimama peke yake katika nchi tambarare ya vichaka na udongo mwekundu. Mlima huo ndio Sagalla. Wasafiri walio wengi huutazama kidogo, kisha hurudi kwenye magazeti yao au usingizi wao, maana safari ni ndefu na jua ni kali. Wachache sana huteremka Voi ili kwenda kuona jinsi watu wanavyokaa chini ya mlima ule na juu yake. Lakini mtu apendaye kilimo, na apendaye viumbe wa porini, hatajuta akitumia siku mbili au tatu huko, hasa katika miezi ya Januari na Februari.

Miezi hiyo ndiyo kiangazi cha Sagalla. Mvua ya vuli, inyeshayo kati ya Oktoba na Desemba, imekwisha pita. Nayo ndiyo mvua itegemewayo zaidi na wakulima wa sehemu za chini, kwa kuwa masika ya huko mara nyingi ni hafifu. Kwa mwaka mzima Voi hupata kama milimita 550 tu za mvua, nazo hazigawanyiki sawasawa. Mwaka mmoja mvua huja yote kwa majuma mawili na kuuchukua udongo. Mwaka mwingine huchelewa mpaka mbegu zikaoza au zikaliwa na wadudu. Kwa hiyo vuli ikiwa njema, furaha ya watu wakati wa kiangazi haifichiki. Jua huwaka, mbingu ni nyeupe, vumbi jekundu hupanda kila gari lipitapo, lakini nyuma ya kila nyumba kuna kijani.

Bustani ya nyuma ya nyumba katika Sagalla si kubwa. Mara nyingi haizidi robo ya ekari, na shamba lenyewe la mahindi huanzia pale inapokomea. Mwenye bustani hii kwa kawaida ni mama wa nyumba, na ndiye ajuaye kila shimo na kila mche. Karibu na mlango wa jiko, mahali panapomwagwa maji yaliyooshea vyombo, pamepandwa mchicha na sukuma wiki, maana hapo udongo haukauki upesi. Kando yake iko miche ya nyanya iliyofungwa kwenye vijiti, na pilipili chache, na bamia. Maboga yametambaa ovyo mpaka juu ya boma la miiba. Mpapai mmoja au miwili husimama pembeni, na mwembe ambao chini yake watu hupumzika adhuhuri. Nyuma zaidi ni mihogo, ambayo haiogopi kiangazi, na mbaazi, ambazo mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji wakati mimea mingine imekwisha kata tamaa.

Kazi ya asubuhi ni kuvuna. Pojo hutangulia kukomaa, kwa kuwa hazihitaji zaidi ya miezi miwili au miwili na nusu tangu kupandwa. Hung'olewa kabla jua halijawa kali, kwa kuwa maganda yaliyokauka sana hupasuka yakiguswa, na pojo zikamwagika mchangani. Kisha huanikwa juu ya turubai na kupigwa kwa fimbo, na watoto huachiwa kazi ya kupepeta. Kunde zina faida mara mbili, maana majani yake huliwa tangu majuma ya kwanza, na punje zake huvunwa baadaye. Mahindi huachwa yakauke shambani. Maboga hukusanywa na kuwekwa juu ya dari ya jiko, mahali palipo pakavu. Maembe huliwa papo hapo, tena hayahesabiwi.

Saa sita jua linapofika utosini, kila mtu huacha kazi. Chini ya mwembe huletwa kimanga, chakula kipendwacho sana na watu wa nchi ya Taita, yaani mihogo au viazi vitamu vilivyopikwa pamoja na maharage au kunde na kupondwa mpaka vikashikana. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Na hakuna mahali ambapo methali hiyo ina maana iliyo wazi kuliko hapo.

Saa hiyo ya kivuli ndiyo pia saa ya kuwatazama wageni. Bustani yenye maji na matunda katikati ya nchi kavu ni kama hoteli njiani, kila apitaye huingia. Kwenzi, wenye mgongo wa buluu ing'aayo na tumbo la rangi ya chungwa, hutembea juu ya udongo uliotifuliwa wakitafuta wadudu, wala hawaogopi watu. Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hunyonya maua ya mpapai na ya maboga. Hondohondo hutua kwenye tawi kavu na kuinamisha kichwa kama karani anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Hua huokota pojo zilizopotea, nao kanga huja kwa makundi wakati wa jioni, wakifukua kwa miguu.

Wanyama wadogo nao hawakosi. Kindi hupita mbio mkia ukiwa juu. Kinyonga hukaa juu ya mbaazi siku nzima, naye ni rafiki wa mkulima kwa sababu hula nzi na panzi, ingawa watu wengi humwogopa bila sababu. Digidigi, yule paa mdogo sana aliye karibu kimo cha sungura mkubwa, hufika ukingoni mwa bustani alfajiri, mume na mke pamoja, wakala majani ya kunde mawili matatu na kutoweka.

Si wote wapokelewao kwa kicheko. Nyani ni wezi wenye akili, huweka mlinzi juu ya mti, na huwajua wanaume na wanawake, tena huwaogopa wanaume zaidi. Nungunungu huja usiku akachimba mihogo. Lakini hasara yao ni hasara ya kikapu kimoja au viwili, na mkulima mwenye mbwa mzuri na watoto wenye macho aweza kuivumilia. Yuko mgeni mwingine ambaye akija, hasara yake si ya kikapu.

Kaskazini na mashariki mwa Sagalla, ng'ambo ya barabara kuu na ya reli, imeenea Mbuga ya Tsavo Mashariki, na upande wa magharibi iko Tsavo Magharibi. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1948, na sehemu zake mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Humo ndimo wakaamo tembo wengi kuliko mahali pengine popote katika Kenya. Historia yao ni ya taabu. Ukame mkubwa wa mwaka 1970 na 1971 uliwaua kwa maelfu. Kisha wawindaji wa pembe wakafuata, hata walipohesabiwa mwaka 1988 katika nchi yote ya Tsavo walikuwa zaidi kidogo ya 6,000 tu. Tangu hapo wamelindwa, na katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa karibu 15,000. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini tembo mmoja mkubwa hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku, na wakati wa kiangazi, majani ya mbugani yakiwa yamekauka na visima vya porini vimebaki matope, harufu ya mahindi yanayokomaa na ya maboga humfikia kutoka mbali.

Tena tembo hajui kwamba amevuka mpaka. Njia alizozifuata wazazi wake toka mashariki kwenda magharibi kutafuta maji zilikuwako kabla ya mashamba haya. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 imejengwa juu ya tuta, na chini yake yameachwa mapito ya wanyama. Wengine huyatumia vizuri. Lakini wakisha kupita, mbele yao wanaikuta Sagalla.

Mtu ambaye hajapata kuona shamba lililoingiliwa na tembo ni vigumu kumweleza. Dume watatu wakiingia saa nne za usiku, ifikapo alfajiri ekari moja ya mahindi imekwisha. Kilicholiwa ni kidogo kuliko kilichokanyagwa. Mpapai umevunjwa katikati, tangi la maji limepasuliwa, na ghala la udongo limetobolewa kwa pembe kama yai. Kazi yote tangu mwezi wa Oktoba, mbegu zilizonunuliwa kwa mkopo, ada za shule zilizokuwa zilipwe kwa fedha ya pojo, vyote vimekwenda kwa usiku mmoja. Na zaidi ya mali kuna roho za watu. Sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini hakuna jamaa awezaye kusema kwamba fedha hiyo inalingana na baba au mama.

Kwa muda mrefu njia ya kulinda ilikuwa moja tu, yaani kukesha. Mkulima alijenga dungu juu ya mti au juu ya nguzo nne, akakaa humo na mwanawe, na madebe ya kupiga, na kijinga cha moto, na jina la Mungu. Wengine huchoma kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, maana moshi wake humchoma mnyama puani. Wengine hutundika vipande vya mabati kwenye waya ili vigongane. Njia hizi husaidia, lakini tembo ni mnyama wa akili nyingi. Baada ya siku kadha hujua kwamba debe halina meno. Na mtoto aliyekesha akipiga debe hawezi kusoma hesabu kesho yake.

Hapo ndipo lilipoingia jambo ambalo limewafanya watu wa nchi za mbali kulijua jina la Sagalla. Wazee wa sehemu nyingi za Kenya walijua zamani kwamba tembo hapendi mti wenye nyuki. Mwaka 2007 wataalamu, mmoja wao akiwa Lucy King, walichapisha habari ya majaribio waliyoyafanya Kenya. Waliwasikilizisha tembo sauti ya nyuki waliokasirishwa, na wengi wao wakaondoka upesi, wengine mbio. Ngozi ya tembo ni nene, ndiyo, lakini nyuki hamchomi pale penye unene. Humchoma kando ya macho, nyuma ya masikio, na ndani ya mkonga, na mahali hapo tembo ni laini kama mtu. Baadaye kazi hii ililetwa Sagalla chini ya chama kiitwacho Save the Elephants, na wakulima wakaanza kujenga maboma ya nyuki kuzunguka mashamba yao.

Ujenzi wake hauhitaji fundi mkubwa. Nguzo hupandwa mbili mbili kulizunguka shamba, na kati ya kila jozi mzinga hutundikwa kwa waya, kimo cha kifua cha mtu, na juu yake huwekwa kipaa kidogo cha kuukinga na jua na mvua. Toka mzinga mmoja hata mwingine ni mita 10, na yote imeunganishwa kwa waya mmoja mrefu. Ili kupunguza gharama, kila baada ya mzinga wa kweli hutundikwa wa bandia, kipande cha ubao tu kilichokatwa kwa mfano wa mzinga na kupakwa rangi ya manjano. Shamba la ekari moja lahitaji mizinga 12 ya kweli na 12 ya bandia. Tembo akija gizani, akiisukuma waya kwa kifua chake, mizinga huyumba yote upande ule, na wenyewe hutoka kuuliza ni nani. Tembo huwa na desturi ya kutikisa kichwa, kujipiga vumbi, na kuwaita wenzake kwa mngurumo wa hatari. Kisha wote hugeuka nyuma. Na kwa kuwa tembo hasahau, siku nyingine hata ule ubao wa bandia humtia mashaka.

Watu wa Sagalla wenyewe hawasemi kwamba boma la nyuki ni dawa ya kila ugonjwa. Katika hesabu zilizowekwa kwa miaka mingi katika mashamba yao, karibu tembo watatu katika kila wanne waliokaribia maboma hayo walirudi nyuma. Basi yuko yule wa nne. Tena nyuki nao ni viumbe wenye haja zao. Mvua ikikosekana na maua yakikosekana, huhama, na mkulima huachiwa mizinga mitupu wakati ule ule ambapo tembo wana njaa zaidi. Ukame wa mwaka 2017 uliwafundisha watu somo hilo kwa uchungu. Mizinga huhitaji kuangaliwa, waya kukazwa, mchwa kuondolewa kwenye nguzo, na nyegere kuzuiwa asiibe. Mtu mvivu hawezi kulindwa na nyuki.

Lakini aliye na bidii hupata zaidi ya ulinzi. Hupata asali, nayo huuzwa kwa bei nzuri. Hupata pia mavuno mengi zaidi ya mboga, kwa kuwa nyuki ndio wanaochukua chavua ya maua ya maboga na matikiti. Bila wadudu, boga huanguka likiwa changa. Kwa hiyo wakulima wengine wamepanda alizeti na ufuta kando ya mashamba, mimea ambayo nyuki huipenda na tembo hawavutiwi nayo sana. Methali isemayo, fuata nyuki ule asali, wahenga waliitunga bila kufikiri habari za tembo, lakini huko inafaa vizuri.

Mgeni aliyeyaona hayo chini hana budi kupanda mlimani kabla ya kuondoka. Njia ni ya miguu, yenye mawe, na kila hatua hewa hubadilika. Huko juu ukungu hushuka usiku hata wakati wa kiangazi, na bustani ni za namna nyingine. Migomba, viazi vitamu na magimbi hupandwa mabondeni karibu na chemchemi, na udongo ni mweusi na wenye unyevu. Hapo yupo mkaaji ambaye watu wengi wa Kenya hawajapata kumsikia. Mtu akilima polepole chini ya migomba, aweza kumfukua mnyama mwenye umbo la nyungunyungu mkubwa, asiye na miguu, mwenye pete mwilini. Si nyungunyungu, wala si nyoka. Ni wa jamaa moja na vyura, ila kwamba maisha yake yote hukaa ndani ya udongo akila mchwa na nyungunyungu. Wataalamu walimpa jina lake, Boulengerula niedeni, mwaka 2005, na mpaka sasa hajaonekana mahali pengine popote duniani ila katika mlima wa Sagalla. Ndugu yake akaaye katika milima ya Taita huwalea watoto wake kwa namna ya ajabu, maana ngozi ya juu ya mama hunenepa kwa mafuta, na watoto huibambua na kuila kama maziwa.

Kiumbe huyo hana meno ya kumdhuru mtu wala sumu ya kuua. Jembe la mkulima lisipoharakishwa halimdhuru naye. Adui wake mkubwa ni ukavu. Mikalitusi iliyopandwa kwa wingi mlimani kwa ajili ya mbao na kuni hunywa maji mengi, na wenyeji wamekwisha kuona vijito vikipungua. Kwa hiyo wameanza kurudisha miti ya asili kandokando ya maji. Wanafanya hivyo kwa ajili ya mashamba yao kwanza, na hilo si aibu. Maji yamfaayo mwenye magimbi ndiyo yamfaayo mnyama wa udongoni, na ndiyo yateremkayo kulisha visima vya walio chini.

Mwanzoni mwa Machi maghala ya Sagalla huwa yamefungwa, kama mwaka ulikuwa wa heri. Pojo zimetiwa magunia na kupelekwa Voi, mbegu za mwaka ujao zimechanganywa na majivu na kutundikwa juu ya moshi wa jiko, na asali ya kwanza imekwisha kamuliwa. Bustani hukauka, isipokuwa pale karibu na mlango wa jiko, na ndege hupungua. Tembo nao hurudi ndani ya mbuga, wakingoja mvua ya masika. Mkulima huanza kazi yake ya pili, ambayo haionekani na mgeni. Huzunguka boma lake toka nguzo hata nguzo, akiweka sikio karibu na kila mzinga. Wenye sauti huuacha. Ulio kimya huufungua, huusafisha, hupaka nta ndani yake kidogo, na kuutundika tena mahali pake, ili nyuki watakapopita wakitafuta nyumba waukute u tayari.